Taa Ikipepesa, Chomoa

Kibondo ya miaka ile, kila aliyegusa kompyuta alijua sheria moja: taa ikipepesa, chomoa flash. Haikuandikwa popote. Umeme wetu ulitoka kwenye majenereta, na kabla haujakatika taa ilipepesa kidogo, ukapata muda wa kumeza mate, halafu giza. Giza lenyewe halikuwa na shida. Shida ilikuwa umeme ukirudi, maana ulirudi na kishindo, na flash iliyoachwa kwenye mashine iliungua. Kuna walimu walipoteza mitihani ya shule nzima hivyo. Basi watu wakafundishwa na maumivu. Ukiwa dukani wanapotoa fotokopi, taa ikipepesa unaona mikono inaruka yote pamoja, hata ya mtu aliyekuwa anakunywa chai yake kimya.

Mimi nilifika huko nikimfuata mume, bwana afya aliyehamishwa kutoka Tanga. Mwaka wa kwanza niliumaliza nikinuna. Baridi asubuhi, vumbi jekundu kiangazi, tope masika, na majirani wakinisalimia "mwakeye" kwa Kiha chao nami nimetoa macho tu, sijui naitikiaje. Halafu siku moja nikajiambia, wewe mwanamke, utakufa kwa kununa, na hakuna atakayekusafirisha. Nikafungua studio ndogo ya picha karibu na soko. Nilikuwa na kamera, printa, pazia la bluu, na kompyuta kuukuu niliyouziwa na mtumishi aliyekuwa anahama. Niliipenda kazi ile. Mimi mdomo wangu hauna breki, na studio inakuletea watu wa kuongea nao kutwa.

Kilichonitoa roho ni virusi. Kila mteja alikuja na flash yake, na kila flash ilikuwa na mdudu. Kulikuwa na virusi vya shortcut, unafungua folda ya picha za harusi unakuta vialama tu, ukibonyeza hakuna kitu, na bibi harusi amesimama mbele yako anasubiri. Mashine ilikufa, nikaifufua, ikafa tena. Nilipochoka nikaelekezwa kwa fundi mmoja Mkongo, mkimbizi wa kambi ya Nyarugusu, mwenye meza yake kwenye soko la pale kambini, upande wa Kasulu. Alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye sauti ya kanisani. Akaifuta mashine yote akaniwekea mfumo mwingine, Linux.

"Hii, mama, virusi haiiwezi," akaniambia. "Lakini iko na masharti yake."

Masharti. Laiti ningejua. Kwa kuwa mashine ilikuwa dhaifu, aliniwekea ile nyepesi kabisa, isiyojifanyia kitu yenyewe. Kwingine unachomeka flash, inajitokeza, unaifungua. Kwangu ukichomeka, kimya. Lazima ufungue dirisha jeusi, uiulize mashine ina diski gani, uione flash yako kwenye orodha, uitengenezee folda, halafu uandike amri ya kuipandisha kwenye folda hiyo. Ukimaliza, uandike amri nyingine ya kuishusha. Ndivyo alivyoniambia yule fundi, kupandisha na kushusha, na neno likanikaa.

Ile wiki ya kwanza nilitamani kuitupa mashine kwenye korongo. Flash haikuitwa flash, iliitwa sdb1. Ukiwa umechomeka na kisoma kadi cha kamera, inageuka sdc1, na wewe hujui, unaendelea kuita sdb1, mashine inakujibu kwa Kiingereza kikavu kwamba kitu hicho hakipo. Kipo, nimekichomeka mwenyewe, kinawaka taa hapa. Nikiipata, inapanda lakini inakataa kuandikwa. Naona picha zote ila siwezi kuweka hata moja, mpaka niongeze maneno mengine mwishoni mwa amri ya kuijulisha kwamba mwenye flash ni mimi. Nilikuwa nampigia simu fundi huku wateja wamekaa kwenye benchi, ananitajia herufi moja moja, mtandao unakata, napanda juu ya kiti kutafuta mawasiliano.

Nikaona nijifanye mjanja. Kuna faili ambalo mashine hulisoma kila inapowaka, na ndani yake zimeandikwa diski zote za kupandishwa. Fundi akaniambia nikiongeza mstari wa flash yangu humo, itakuwa inapanda yenyewe asubuhi. Nikaongeza. Kweli ikapanda, nikapiga kigelegele peke yangu. Kesho yake flash nikaisahau nyumbani, na mashine ikagoma kuwaka. Ikasimama katikati, maandishi meupe kwenye weusi, inasubiri flash iliyo kwenye mfuko wa gauni langu jingine. Wanafunzi wa kidato cha nne wamejaa mlangoni wanataka picha za mtihani, na mimi naibembeleza mashine kama mtoto aliyekataa uji. Kumbe kuna neno dogo nilitakiwa kuliweka kwenye ule mstari, la kuiambia kwamba diski hii isipokuwepo usijali, endelea. Hakuniambia. Nilimtukana kwa simu mpaka akacheka.

Sharti moja tu alilirudia sana, na nililishika. Usichomoe kabla hujaishusha. Alisema mashine hii inaonyesha kwamba imemaliza kuandika, kumbe vitu bado imevishika, inaviweka taratibu kwa wakati wake. Ukishusha ndipo inamalizia. Basi kwangu mimi sheria ya Kibondo ilikufa, nikawa nashusha kwanza. Taa ikipepesa niliandika amri haraka haraka nikiomba Mungu, na vidole vyangu vilishazoea.

Mwaka 2013 ndio mwaka wenyewe ninaotaka kuusema. Nyuma ya nyumba yetu alikaa mwalimu wa shule ya msingi, Muha wa Kitahana, binti mdogo kwangu, aliyeniita dada tangu siku ya kwanza nilipoomba chumvi. Mume wake alifanya kazi mbali. Alikuwa na mtoto mmoja wa kike, anatembea, ameanza kusema, mkorofi wa kupendeza. Alikuwa anapita chini ya ua wetu anaingia jikoni kwangu anafunua sufuria. Pasaka ile alibatizwa, na mimi ndiye niliyepiga picha, kanisani na nyumbani. Picha zikatoka nzuri sana. Nikaziweka kwenye kompyuta zisubiri, maana printa yangu ilikuwa imeanza kutoa mistari ya kijani, na nilitaka nizipeleke Kasulu zisafishwe vizuri kwenye karatasi ya maana.

Mtoto akashikwa na homa. Siwezi kuisimulia ile homa. Alipelekwa hospitali jioni, na kesho yake mchana tulikuwa tunamrudisha.

Baada ya mazishi mwalimu alikuja kwangu asubuhi moja, amevaa kanga ile ile, akasimama mlangoni mwa studio hakutaka kukaa. Simu yake ilikuwa ya tochi, haikupiga picha. Hakuwa na picha ya mwanawe hata moja, ila zile za kwangu.

"Dada," akasema, "nikifumba macho namwona akiwa mgonjwa tu. Yule mwingine amenitoka. Namtafuta simpati."

Nikamwambia yupo, mdogo wangu, yupo humu ndani mzima, anacheka, ngoja nimtoe. Siku ya kuondoa matanga huko Kitahana ilikuwa inakaribia, na alitaka picha moja kubwa iwekwe mezani, watu wamwone mtoto alivyokuwa. Nikamwambia kesho asubuhi nakwenda Kasulu, nitarudi nayo.

Nikachomeka flash, nikafungua dirisha langu jeusi, nikaipandisha. Diski ya mashine ile ilikuwa ndogo, imejaa mpaka pomoni, kwa hiyo desturi yangu ilikuwa kuhamisha, siyo kunakili. Nikazishika picha zote za ubatizo nikazihamishia kwenye flash. Yeye alikuwa amekubali kukaa sasa, kiti kimesogezwa karibu, bega lake limegusa langu. Hakutaka nimfungulie. Alisema ataziona zikiwa kwenye karatasi, siyo kwenye kioo. Mstari unaoonyesha kazi imefika wapi ukatembea ukafika mwisho. Nikavuta kibodi niandike amri ya kushusha.

Taa ikapepesa.

Mkono wake ulikuwa wa kwanza. Sikuwahi hata kufungua mdomo. Aliichomoa akaikumbatia kifuani kwa viganja vyote viwili, giza likatukuta hivyo, na kwenye mwanga wa mlangoni nikamwona anatabasamu, mara ya kwanza tangu msiba.

"Nimewahi," akasema.

Nikasema ndiyo, umewahi. Ningesema nini? Labda kweli amewahi, nikajiambia. Labda mashine ilikuwa imeshamaliza. Akanikabidhi flash akaenda zake shuleni, na mimi nikakaa kwenye ile studio ya giza kusubiri umeme, nikiongea peke yangu kama mwehu.

Umeme uliporudi nikaipandisha. Picha zote zilikuwepo kwa majina yake, zimejipanga vizuri. Moyo ukatulia. Nikafungua ya kwanza. Haikufunguka. Nikafungua ya pili. Nikaangalia ukubwa, na kila moja imeandikwa sifuri. Majina yapo, ndani hamna kitu. Kwenye kompyuta nako hakuna, nilikuwa nimehamisha. Nilishusha flash nikaipandisha tena, nikaishusha, nikaipandisha, nikabadilisha tundu, nikaiwasha upya mashine, nikaanza tena, mpaka nguvu zikaniishia nikalaza kichwa juu ya kibodi. Akili ilikuwa imenihama. Nilimlaani fundi, nikailaani Linux, nikamlaani aliyeleta majenereta, nikamlaani mume wangu aliyenileta huku wakati Tanga kuna umeme wa kawaida na watu wananunua picha zao kistaarabu.

Jioni nikamweleza mume. Yeye ni mtu wa maneno machache, akafikiri, akasema niende nikamwambie mwalimu ukweli kwamba picha zimepotea, azoee mapema. Tuligombana. Nilimwambia yeye amezoea kuhesabu vyoo, hajui uso wa mtoto ni nini. Nilikuwa namwonea, najua, lakini yeye ndiye aliyekuwa karibu. Baadaye akaniletea chai, akasema basi, kama kuna mtu anaweza kuzitoa, ni yule aliyeiweka hiyo mashine, nimfuate.

Asubuhi nikafungua mlango nikamkuta mwalimu amekaa kwenye ngazi. Alikuwa ameomba ruhusa shuleni, anataka twende wote Kasulu. Nikamwambia kuna hitilafu kidogo, mashine imezikaba picha, lazima tupite kwa fundi kambini kwanza. Alinitazama. Akavua kitenge chake cha juu tukakizungushia kile kisanduku cha kompyuta, na tulipopanda basi alikipakata yeye. Nilimwomba tupokezane, akakataa. Barabara ilikuwa imeharibika na mvua, basi linayumba linapiga mashimo, na kila shimo anakikumbatia zaidi. Mimi nilikuwa dirishani, kamera begani kwa mazoea, nasali sala zote nilizofundishwa madrasa.

Tulipokaribia Makere, jirani na kambi, mwalimu akaongea bila kugeuka. "Dada, ni kwa sababu nilichomoa?"

"Hapana," nikasema. "Ni mashine. Ungeiacha ingeungua."

"Shuleni tunachomoa hivyohivyo."

"Najua. Umefanya sawa."

Nikatazama migomba inavyopita. Nilikuwa na hakika hakuniamini, na kwamba atarudi kwenye swali lile maisha yake yote.

Siku ile ilikuwa ya soko, watu wa vijiji na watu wa kambini wamechanganyika, mihogo, vitenge, redio zinapiga kwa sauti kubwa. Fundi alikuwa kwenye meza yake chini ya turubai, ameunganisha umeme wa jenereta la mwenye mashine ya kusaga. Nilimweleza haraka: picha za mtoto huyu wa mwalimu, mtoto hatunaye tena, hazina nakala nyingine duniani. Akavua kofia akampa mwalimu pole ndefu ya Kikongo. Halafu akafungua kisanduku, akachomeka flash, vidole vyake vikaenda kwenye amri zile zile nilizozililia mimi. Aliangalia muda mrefu.

"Clé, hii flash yako, iko wazi, mama," akasema. "Iliandika majina, picha zenyewe hazikuingia. Nani alichomoa mbele ya kushusha?"

Mwalimu akafungua mdomo.

"Mimi," nikasema.

Basi fundi akanigeukia. Yule mpole wa sauti ya kanisani alinisema pale sokoni mbele za watu. Alisema amenifundisha, amenirudia hilo mara ngapi, kwamba mashine hii si ya kukimbizana nayo, kwamba nina kichwa kigumu, kwamba sasa mtoto wa watu amepotea mara mbili kwa sababu ya haraka yangu. Mimi, ninayemjibu hata mkuu wa soko, nilisimama nimeinamisha kichwa nikimeza. Kila neno lilikuwa linapita kwangu linamfikia aliyekaa kwenye kigoda nyuma yangu, na sikujua nilizibeje lisimfikie. Nikasema tu, ni kweli fundi, nisamehe, sasa tufanyeje. Nyuma yangu nikasikia mwalimu anavuta pumzi.

Akatafuta kwenye diski ya kompyuta. Ana programu inayopekua diski sehemu kwa sehemu na kuokota vilivyofutwa, kwa sababu alisema kitu kikifutwa hakiondoki siku hiyo hiyo, kinaondolewa jina tu, mpaka kitu kingine kije kukaa mahali pake. Tukasubiri. Jua likawa kali, mwalimu hakunywa maji wala hakula muhogo niliomnunulia. Diski yangu ilikuwa ndogo na imejaa, na tangu jana niliiwasha upya na kuhangaika nayo mpaka mashine ikaandika mambo yake kwenye kila nafasi, hata kilichofutwa jana kilikuwa kimeshakaliwa. Yakatoka matangazo ya misa niliyowahi kuwachapia wateja, nembo, vipande vya picha za watu nisiowajua. Ubatizo haukuwemo. Fundi akatikisa kichwa.

"Imekwisha, mama. Nasema kweli ya Mungu, imekwisha."

Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka nilibwaga begi la kamera juu ya meza yake mpaka bisibisi zikaruka. Nikamwambia atafute na humo basi, atafute kila mahali, kwenye betri, kwenye mkanda, popote. Akaniambia kwa upole kwamba kadi ya kamera nimeitumia tangu Pasaka, nimeifuta mara nyingi, nimepigia wanafunzi wote wa Kibondo juu yake. Nilijua hivyo kuliko yeye. Nikamwambia atafute. Nadhani alitafuta ili ninyamaze.

Akachomeka kadi, akaiacha bila kuipandisha, kwa sababu alisema usipandishe kitu unachotaka kukiokoa, kisije kikaandikwa juu. Programu ikaanza. Zikaja picha za pasipoti, moja baada ya nyingine, mashati meupe, pazia langu la bluu, nyuso za mtihani zisizocheka. Wengine nusu uso, upande mwingine mistari ya rangi. Zilikuja mpaka nikachoka kuzitazama. Halafu ikatokea moja iliyonisimamisha moyo: sebule ya mwalimu, siku ya ubatizo. Vichwa vya wakubwa juu vinacheka, mama wa ubatizo na kilemba chake, padri. Kuanzia mabegani kushuka, pale mtoto alipokuwa amepakatwa, kijivu kitupu. Mwalimu aliitazama ile kijivu, akaweka kiganja mdomoni. Fundi akaondoa picha haraka. Nilitamani ardhi inimeze.

Tulikuwa tumeshakata tamaa ilipofunguka ya mwisho.

Niliijua palepale. Ilikuwa picha mbovu. Siku ile, mwisho kabisa, kila mtu ameshachoka, nilitaka nimpige mtoto akiwa amesimama peke yake mbele ya mlango. Nikamtoa mama yake kwenye picha, nikamwambia asimame nyuma yangu atulie. Mtoto akaangua kilio. Nilibonyeza, nikaitazama, nikaifuta hapohapo kwenye kamera, maana nani ataweka ukutani picha ya mtoto anayelia. Sikuipeleka hata kwenye kompyuta. Fundi alisema ndiyo iliyopona kwa sababu ilikaa huko mwisho wa kadi, na pasipoti zangu hazikuwahi kufika kule.

Ilikuwa nzima, kuanzia juu mpaka chini. Gauni jeupe limepanda upande mmoja. Kiatu kimoja kimevuka. Makamasi, mdomo wazi, mashavu yamejaa na yanang'aa kwa machozi, mtoto mzima mwenye afya, amekasirika kabisa. Mikono yote miwili ameinyoosha mbele. Nikaanza kumwambia mwalimu kwamba si nzuri, lakini kwenye maabara kule Kasulu wanaweza kupunguza hiki na kile, wanaweza kumfuta machozi. Nilikuwa naongea tu, naogopa kunyamaza.

Mwalimu hakunisikia. Alikuwa ameinuka kutoka kwenye kigoda, amesogea karibu na kioo, anamtazama machoni. Alifumba macho yake kidogo, akayafumbua, akafumba tena, nikaelewa kwamba anajaribu kama sasa atampata.

"Dada," akasema, "hapa mimi nilikuwa nyuma yako."

Nikamwambia ndiyo, ulikuwa nyuma yangu, nilikuweka hapo mimi.

"Basi haangalii kamera. Ananiangalia mimi. Anataka nimbebe."

Kiha sijakijua mpaka leo, lakini kuna neno moja nilikuwa nimelisikia kila siku kupitia ule ua wetu, mama yuko jikoni anapuliza moto, mtoto analia nje anamwita, na mama anamwitikia kwamba nakuja. Mwalimu akaweka vidole viwili juu ya ile mikono midogo kwenye kioo, akamwambia taratibu, kama vile hakuna soko, hakuna redio, hakuna sisi.

"Ndaje, mama," akasema. "Ndaje."

Fundi aliinuka akatoka akasimama juani. Mimi nilibaki nimesimama nyuma ya mwalimu, sikugusa kitu.